Gari la Omondi Lilivyonitangaza kwa Wakwe

Aibu hii bado inaniwasha, lakini afadhali niisimulie mwenyewe kabla Peres hajaisimulia kwa mdomo wake. Ndani ya gari tulikuwa watatu: Omondi, mjukuu wangu, mtoto wa Otieno kijana wangu wa kwanza; Mzee Oloo, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye msemaji wetu; na mimi. Tulikuwa tunaenda Ahero kwa wazazi wa Akinyi kumwombea Omondi mke. Peres, jirani yangu wa Otonglo, alibaki kwake. Hilo mlishike.

Tulipofika Nyamasaria ndio nikauliza mbona kile kioo kidogo cha dashibodi hakina ramani wala nyimbo.

"Dani, intaneti ya gari inalipiwa," Omondi akasema; bibi kwetu ndiye dani. "Muda umeisha. Na simu yangu iko kwa fundi."

"Yangu haiwezi kusaidia?" (Mdomo wangu huo!)

Akaunganisha simu yangu na gari, na hapo hapo ramani ikatokea na nyimbo za kanisa zikaimba kutoka kwa milango yote, mimi nikashangaa, nikataka kujua intaneti inapita wapi na kama nikifungua dirisha itatoka nje. Mzee Oloo akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Ramani ikatupitisha kando ya mashamba ya mpunga hadi kwenye lango lenyewe. Omondi akazima nyimbo, wakashuka na Mzee Oloo kungoja kupokelewa, mimi nikabaki kwanza nikitafuta kiatu, madirisha yote wazi kwa joto. Simu ikalia: ujumbe wa sauti wa Peres. Nikabonyeza, nikaweka sikioni kama kawaida.

Gari lote likapiga kelele, likiniita binti wa Seme vile Peres huniita: "Nyar Seme! Mmefika? Angalia kama wamechinja kuku, ama ni visamaki vya omena tena vile walipea wakwe wa kwanza! Huyo mama mkono yake ni ngumu!"

Nikafunika simu na leso. Sauti ikaendelea, kumbe iko kwa milango! Nikaikalia. Wapi!

Roselida, mama Akinyi, alikuwa ameshafika langoni. Mzee Oloo akakohoa. Omondi akawa kama mtu aliyemwagiwa maji; niliona mke wa mjukuu wangu akienda hivi hivi.

"Kuna mgeni mwingine kwa gari?" Roselida akauliza. "Ashuke pia, karibu."

"Ni redio, Mama," Omondi akasema.

"Redio gani inajua jikoni yangu?"

Tukaingia ndani. Kuku wakaletwa, wengi, na mbele yangu mimi peke yangu Roselida akaweka bakuli la omena, amefunika vizuri.

"Hii ni ya redio," akasema. "Umpelekee."

Halafu akacheka, na mumewe akacheka, na Mzee Oloo akapata nafasi ya kufungua maneno. Akinyi sasa ni mke wetu.

Omena nilimpelekea Peres. Alikula yote akaniuliza kama hakuna nyingine. Lakini simu yangu haiungwi tena na gari la mtu. Intaneti ya gari isipolipiwa, twende kimya, tuulize njia.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Mzee Oloo anasema ilikuwa sahani, si bakuli. Kama ulikuwepo na nimekosea, nisahihishe, lakini usinitumie kwa sauti.