Chumvi ya Mwenye Hoteli

Karibu na soko la Gakoromone nilikalia meza inayotazamana na jiko la hoteli. Mwenye hoteli alikuwa amesimama nyuma ya mpishi, mama mmoja aliyekuwa akiponda mukimo wa viazi na mahindi.

"Punguza moto. Ponda huku. Mwiko haushikwi hivyo."

Wapishi waliotangulia walishindwa naye, wakaacha kazi. Mama huyu alimpa kijiko kwa mikono miwili. "Mzee, hebu onja."

Akaonja, akafumba macho. "Hakuna chumvi."

"Bila wewe leo tungeaibika."

Mzee akaenda kaunta, kifua mbele, wala hakurudi.

Nilimuuliza mama kama alikuwa amesahau chumvi.

"Chumvi huwa namwachia yeye," akasema akiitia. "Nisipomwachia atataka mwiko, na mimi nina watoto shuleni."

Nimekula mukimo tangu utotoni. Huo niliula polepole, kwa heshima.