Tulinagwe na Damu ya Mkwewe

Nimekuwa mhudumu wa wodi ya wanaume hapa Tukuyu tangu mwaka wa pili wa Uhuru, na katika watu wote niliofanya nao kazi hakuna aliyenichosha kwa maneno ya kisomi kama Tulinagwe wa maabara. Mtu hajamaliza hata kikombe cha chai, yeye ameshachora seli juu ya meza kwa kidole kilicholowa. "Da Mwantum, tazama. Huu wa nje ni utando. Humu ndani kuna utando mwingine, umekunjwakunjwa, mikunjo juu ya mikunjo. Hapa ndipo protini nyingi zinapotengenezwa." Huo utando wa ndani una jina, endoplazimiki retikulamu, na ukilitaja mara mbili pumzi inakwisha. Mimi nafuta meza, naye anachora tena.

Alikuwa binti wa mkulima wa kahawa wa Masoko, mwembamba, mpole, mkaidi kuliko anavyoonekana. Serikali ilimpeleka Dar es Salaam miaka miwili akasomee kupima damu, na aliporudi akaolewa na mwalimu Hezron, mtu wa Suma. Hapo ndipo utani wetu ulipoanza, maana mimi ni Mwislamu wa Ibighi na mila za Wanyakyusa za ukwe zilinishinda. Kwao mwanamke hamtazami baba mkwe. Akimwona njiani anaacha njia, anajifunika, anaingia hata migombani. Jina lake halitaji. Tulinagwe alikuwa na miaka sita ya ndoa na watoto wawili, na uso wa mzee Ambindwile, baba yake Hezron, hajauona hata siku moja. Mzee akija sokoni, bibi maabara anajibanza nyuma ya magunia dukani kwa kaka yangu Abbasi mpaka apite.

"Unaona vijidudu ambavyo Mungu mwenyewe amevificha," nilimwambia, "lakini mtu mzima mwenye ndevu humwoni."

"Kuogopa siogopi, da Mwantum. Ni heshima," alijibu, na hakuona cha kuchekesha.

Basi mwaka ule tuliotimiza miaka kumi ya Uhuru, kijiji cha mzee kilikuwa kinajenga ghala la ujamaa, na watu wote walitoka kukata miti. Shoka likamponyoka mzee Ambindwile, likamwingia pajani. Walimleta asubuhi kwa Landrova, blanketi limelowa damu. Mganga wetu, Bwana Ackson, aliufunga mshipa, akashona, kisha akanivuta pembeni. "Damu iliyobaki ni kidogo mno. Asipopata nyingine leo, jioni hatunaye."

Nikachukua kichupa cha damu ya mzee, nikakimbilia maabara. Tulinagwe alikuwa ameshasikia. Alikipokea akakigeuza upande usio na jina, maana hata kulisoma hakutaka. Jina niliandika mimi, kwa mwandiko wangu wa kuku.

Wana watatu wa mzee walikuja kutoa damu, Hezron akiwa wa kwanza. Kundi lao la damu na la baba yao lilikuwa moja, tukashukuru. Tulinagwe akachanganya tone la kila mmoja na maji ya damu ya mzee, yale yanayojitenga na seli, akaviweka vichupa kwenye maji ya vuguvugu, akasubiri, akainamia hadubini. Nikaona mabega yake yanashuka. Seli za Hezron zilikuwa zimeshikana mabonge mabonge. Za mdogo wake Ambwene vivyo hivyo, na za yule wa mwisho pia. Damu hiyo ikiingia kwa mzee ingemmaliza upesi kuliko lile jeraha.

"Kamuulize kama alishawahi kuwekewa damu," akanituma.

Mzee alikuwa na fahamu, sauti imebaki kidogo. "Burma," alisema. "Vitani. Waliniwekea chupa mbili. Za nani sijui."

Tulinagwe alipopata jibu alikaa kwenye stuli, akanieleza, na safari hii nilimsikiliza. Kuna protini moja ambayo karibu watu wote wanayo kwenye seli nyekundu za damu, imechomekwa kwenye utando wa nje kama pini kwenye kitambaa. Inatengenezwa seli ikiwa changa, bado imo kwenye uboho wa mfupa, kwenye ile mikunjo yake ya ndani. Baadaye seli inaitupa mikunjo yote, inaingia mishipani na utando wake tu, protini ikiwa juu. Mzee hana protini hiyo. Damu ya Burma ilikuwa nayo, mwili wake ukaiona ni adui, na kwa zaidi ya miaka ishirini na tano haujasahau.

"Na wasio nayo huku kwetu?" niliuliza.

"Wa kuhesabu."

Tulipima watu kumi na mmoja waliokuja na mzee kutoka kijijini. Wote mabonge. Mchana ukaingia, mvua ikaanza. Tulinagwe alikuwa ananawa mikono, anafuta, ananawa tena, mpaka nikamkaripia. Ndipo akasema bila kunigeukia: "Chuoni tulipimana wenyewe kwa wenyewe. Darasa zima, asiyekuwa na ile protini nilikuwa mimi. Na kundi langu ni kama lake."

Nilikasirika, nakiri. "Na muda wote huu umenyamaza?"

"Damu yangu mwilini mwa baba mkwe, da Mwantum!" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Hata njia moja sipiti naye. Ningempata mwingine, nisingesema kamwe."

Akajichoma kidole, akapima. Seli zake zilitulia, kila moja peke yake.

Bwana Ackson aliona jambo jepesi: mzee apewe, asiambiwe ni ya nani. Hezron alitazama viatu vyake. Aliyekataa ni Tulinagwe. "Apone, halafu asikie sokoni? Nitakuwa nimemvunjia heshima akiwa hana nguvu ya kunikataza. Aulizwe." Akatoa mkono, chupa ikajaa, akanywa chai ya sukari nyingi, na mimi nikatumwa wodini.

Nilimweleza mzee kila kitu. Akafumba macho.

"Mke wa Hezron?"

"Ndiyo, baba."

"Haiwezekani." Akageuzia uso ukutani.

Hasira zilinipanda. Dawa ipo hatua thelathini, na mtu anataka kufa kwa sababu ya heshima! Lakini hakuniuliza maoni yangu, nikamrekebishia blanketi. Mzee akauliza, "Yeye amekubali?"

"Ameshaitoa, baba. Kasema usipokubali haiingii."

Akaugeuza uso kutoka ukutani. "Ile ya Burma ilikuwa ya mtu nisiyemjua," alisema, "uso wake sikuuona, na ndiyo inayoniua leo. Sitaki tena damu ya mtu nisiyemwona. Kama ni yake, ailete mwenyewe."

Tulinagwe aliingia wodini amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi, chupa ameikumbatia. Wanyakyusa waliolazwa humo wakageukia ukutani kitanda kwa kitanda, ili wasione. Hezron alitoka nje kwenye mvua. Bwana Ackson akatundika chupa, akatafuta mshipa, damu ikaanza kushuka.

Robo saa ya kwanza mgonjwa lazima atazamwe. Akianza kutetemeka, midomo ikibadilika, damu inafungwa mara moja, na dalili hizo huanzia usoni. Kazi hiyo ni yangu, nikasogea.

"Atazame yeye," mzee akasema.

Tulinagwe akashusha kanga mabegani, akainua macho. Mzee alikuwa na macho ya Hezron kabisa. Wakatazamana, tone kwa tone, na mimi nimeshika saa. Robo saa ikatimia.

"Ndaga, mwanangu," mzee akasema. Ndiyo asante ya kwao.

"Andika, da Mwantum," Tulinagwe akaniambia, macho bado yako usoni pa mzee. "Hatetemeki."

Yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka mwili mzima. Nikaandika alivyosema.