Shati la Baba Lenye Vifungo Mgongoni

Usiku ule nililala na siri. Mchana wake nilikuwa nimeibonyeza ndani karatasi ya spika ya marehemu baba kwa mpini wa ufagio, nikaitengeneza mwenyewe kabla mama hajarudi kutoka kwa jirani, na sikumwambia mtu.

Baba alikuwa fundi redio, akifanyia kazi sebuleni kwetu Tabora. Ile spika aliiunda mwenyewe kwa kasha la bati, na waya wa umeme wa ukutani unaingia kwa nyuma. Karatasi ya spika ikibonyea, yeye alikuwa akiilowesha kidogo, anabandika selotepu, anaivuta kwa mbele polepole mpaka inyooke. Akimaliza, hugusa bati kwa mgongo wa vidole. "Kiganja kikinaswa na umeme kinashika, hakiachii," alikuwa akituambia.

Mimi haraka nimezaliwa nayo. Selotepu ilipokataa kushika, nilifungua mgongo wa kasha nikaisukuma karatasi kwa kidole gumba. Ikanyooka. Nikakaza skrubu zote nne, nikaiwasha kwenye swichi ya ukutani, ikaimba vizuri, nikajipongeza. Kugusa bati sikukumbuka. Haraka haraka haina baraka, lakini mwenye hatia hana muda wa methali.

Basi usingizini nikamwona baba. Amekaa sebuleni kwenye kigoda chake, amevaa shati la kijani tulilomgawia binamu yake siku ya arobaini. Nikapiga goti kumwamkia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ananitazama tu, kama alivyokuwa akitazama redio asiyojua ina ugonjwa gani.

Shati halina vifungo mbele.

Mara hatupo sebuleni, tupo makaburini. Kigoda ni kile kile, udongo umelowa. Baba anageuka taratibu, naona vifungo vyote vinne viko mgongoni. Cha tatu hakikukaa sawa. Chini yake kuna uzi mwekundu, nao unatetemeka.

"Semeni," anasema bila kugeuka, "umenifunga vibaya."

Nikaogopa sana. Si mimi niliyemvika sanda, sisi wanawake tulibaki nyumbani. Nataka kujitetea, lakini mkono wangu tayari umenyooka kwenda kwenye kile kifungo. Baba anaudaka. Vidole vyake ni vya baridi. Anaugeuza mkono wangu, mgongo wa vidole unakuwa mbele.

"Hivi," anasema.

Hapo mama anatokea. Anakuja peku juu ya ule udongo uliolowa, kiganja wazi, anatabasamu kwa kumwona mumewe. Anaelekea mgongoni kwake. Napiga kelele, kelele haitoki. Najishika mdomo, nakuta umebandikwa selotepu. Naibandua, chini yake kuna nyingine. Mama amebakiza hatua moja.

"Usimwache anishike," anasema baba.

Nikazinduka, shuka limelowa jasho. Kumeshapambazuka. Nikasikia sebuleni kitambaa kinakamuliwa kwenye ndoo, nikakumbuka kwamba kila asubuhi mama hupiga deki, kisha hupangusa spika ya mumewe kwa kitambaa kile kile. Swichi ya ukutani sikuwa nimeizima, nilikuwa nimefunga sauti tu.

Sijui nilifikaje. Mama alikuwa peku kwenye sakafu yenye maji, ameinama, kitambaa mkononi, kimebaki shibiri moja kufika kwenye bati.

"Mama, usiguse!"

"We Semeni, una wazimu? Asubuhi yote hii unanipigia makelele!"

Nilizima swichi kwanza, ndipo nikaweza kuzungumza. Nikamweleza habari za ufagio, kidole gumba na skrubu. Hakuniamini. Tulikausha sakafu, nikavaa kandambili, nikawasha tena, nikaweka tester ya baba, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye bati. Kitaa chake kikawaka. Nikachomoa waya ukutani, nikafungua mgongo wa kasha. Skrubu ya tatu ilikuwa imetoboa ule waya wa umeme, na bati lote lilikuwa linangoja mtu wa kuligusa.

Mama akakaa chini pale pale. "Nani kakwambia?"

"Baba."

Nikamsimulia ndoto yote, hata pale alipokuja anatabasamu. Alinisikiliza akikitazama kiganja chake. Nilidhani atanigombeza, na nilistahili.

"Kila siku namwomba anijie mimi ndotoni, japo mara moja," akasema. "Kumbe mwenzangu alikuwa kazini."

Akafuta machozi kwa kanga. Waya ulikuwa umelala sakafuni, umechomolewa, na yeye aliuona. Hata hivyo aligeuza mkono, akaligusa lile bati kwa mgongo wa vidole.