Sponji ya Pampu ya Bugomora

Jina la Sabuni alipewa na Saleh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nkwenda, siku ambayo jenereta ya duka lake ilikataa kuwaka. Fundi Mutalemwa alifika asubuhi, akasalimia, akaweka sanduku lake la spana upenuni, kisha akaomba maji na sabuni. Mwaja, mke wa Saleh, aliyelelewa katika nyumba ambayo mgeni akinawa hufuatiwa na sahani, hakuuliza swali. Alimmiminia maji, akaingia ndani, akatoka na chapati na maharage. Mutalemwa alishukuru kwa adabu, akaipita ile sahani, akaenda kuinama mbele ya jenereta.

"Fundi," Saleh alisema, "watu hunawa wakitoka kwenye mashine. Wewe unanawa ukienda?"

"Nikitoka nitanawa tena."

"Basi umemsumbua mke wangu kwa chapati kwa sababu ya nini?"

"Chembe ya mchanga iliyo kwenye kidole changu ikiingia ndani ya kabureta, Bwana Saleh, injini haina mate ya kuitema."

Saleh alicheka mpaka akaegemea mlango. Kabla ya adhuhuri soko zima lilikuwa linamwita Sabuni, na miaka kumi na minne baadaye kuna watoto pale Nkwenda wasiojua kwamba ana jina lingine.

Ana umri wa miaka sitini na mmoja. Kazi alijifunza ujanani katika mashine ya kukoboa kahawa, chini ya msimamizi aliyekuwa akipitisha kitambaa cheupe juu ya kila injini jioni, na ole wake ambaye kitambaa kilichafuka zamu yake. Mutalemwa aliondoka pale na spana tatu na kinyaa ambacho hakijamtoka. Hapigi kelele akikuta injini chafu. Uso wake hukunjamana tu, kama wa mtu aliyetafuna ndizi mbichi, na mwenye injini huanza kujitetea kabla hajaulizwa.

Mwezi Julai alipigiwa simu na Vero, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa kahawa huko Bugomora. Kikundi kilikuwa na kitalu cha miche elfu sita juu ya kilima, na pampu ndogo ya petroli iliyovuta maji kutoka kijitoni. Pampu ilikuwa imezimika siku tatu. Jua la kiangazi lilikuwa kali, na ndoo za kichwani hazikutosha hata nusu ya kitalu. Miche ikikauka, kaya arobaini zisingekuwa na kitu cha kupanda mvua za Septemba zikifika. Zingengoja mwaka mwingine mzima.

Mutalemwa aliijua pampu hiyo. Mwezi Machi, ilipokuwa mpya, alikaa kutwa nzima akimfundisha Ildefonsi, mwanakikundi aliyekabidhiwa kuitunza. Kagua oili kila asubuhi, injini ikiwa imekaa sawa. Ibadilishe kila baada ya saa hamsini za kazi. Fua sponji ya chujio la hewa kila juma. Usitie petroli injini ikiwa ya moto, na moto wa aina yoyote usisogee. Alimfanya arudie yote kwa kinywa chake, na wakati wa kuagana akamwambia, "Nikirudi nikaikuta chafu, sitaigusa."

Nyumba ya Ildefonsi iko karibu na kijito. Kemilembe, mke wake, alimpokea fundi kwa heshima zote, akamnawisha, akamkaribisha kikombe cha mramba, ile juisi tamu ya ndizi iliyokamuliwa asubuhi na haijachachuka. Vumbi la njiani lilikuwa limemkausha koo. Alikinywa kikombe hadi tone la mwisho, akasifu, kisha yeye, Vero na Ildefonsi wakateremka kijitoni.

Pampu ilikuwa imekaa ndani ya kibanda, imevaa koti la matope na oili iliyoganda. Mende wawili walitoka chini ya tangi. Kando yake kulikuwa na kidumu cha petroli kisicho na kifuniko, na Ildefonsi alikuwa na sigara inayowaka katikati ya vidole.

Mutalemwa alisimama palepale. "Zima hiyo. Si hapa. Kaizimie kule."

"Mzee, ni kipande tu."

"Na wewe utabaki kipande."

Ildefonsi alikwenda kuizima. Mutalemwa akafunika kidumu na kukisogeza mbali kivulini, akachomoa waya wa plagi ili injini isije ikawaka mikono ikiwa ndani, kisha akatoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka cheusi na kizito, kinanuka kuungua.

"Oili ulibadilisha lini?"

"Niliongeza, mzee."

"Nimeuliza kubadilisha."

"Sasa ile ya kwanza ilikuwa bado ipo," Ildefonsi alijibu. "Ningeitoa iende wapi?"

Uso wa fundi ulikunjamana. Akafungua kifuniko cha chujio la hewa, na harufu ikatoka kabla ya kitu chenyewe: uchachu wa ndizi zilizooza, umechanganyika na petroli. Mahali pa sponji palikuwa pameshindiliwa tonge la nyasi. Zilikuwa za kahawia, zinateleza, zimefunikwa ukungu. Sisimizi walikuwa wamejipanga juu yake, na katikati funza weupe walijinyonganyonga kwa kushtuliwa na mwanga. Ute wake mtamu ulikuwa umetiririka hadi kwenye koo la kabureta na kugandia huko. Vero alifunika pua kwa khanga. Mutalemwa alirudi nyuma hatua mbili, akageuka, akatema mate.

"Hiki ni nini?"

Ildefonsi alitazama miguu yake. "Ni zile nyasi za kukamulia ndizi, mzee. Sponji haikuwepo. Nikafikiri, nyasi zinazochuja mramba ukatoka safi vile, zitashindwaje na vumbi?"

"Ukachukua zilizokwisha kukamulia ndizi?"

"Nyasi mpya niziharibu kwa injini?"

Mutalemwa alijifuta mikono, akairudisha spana sandukuni, akafunga kifuniko cha sanduku. Alikuwa ametoa neno mwezi Machi. Alichotaka wakati ule ni pikipiki yake na barabara ya Nkwenda.

Vero hakumsihi. Alipanda kilimani kwa haraka, na aliporudi alikuwa ameshika mche mmoja ndani ya kiriba chake cha plastiki. Majani yake manane yalikuwa yananing'inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

"Mzee Sabuni," alisema, akihema, "huyu hapa ndiye aliyekuahidi usafi. Mche huu haukukuahidi kitu."

Fundi aliupokea. Akaingiza kidole kwenye udongo; kilitoka kikavu, hakina hata chembe iliyonata. Akaugeuza mche huku na huku, kwa muda mrefu. Halafu akamrudishia Vero, akaomba maji na sabuni, akanawa hadi kwenye viwiko.

"Sijamsamehe," alisema, akifungua sanduku. "Naosha injini tu."

Waliibeba pampu nje, mahali pa wazi penye hewa. Ildefonsi ndiye aliyepewa kuzitoa zile nyasi, kwa vidole vyake mwenyewe, mpaka funza wa mwisho. Wakaiacha injini juani ipate joto ili oili ishuke vizuri, kisha wakaimwaga kwenye kopo. Ildefonsi akaliinua kopo kuelekea kijitoni.

"Wewe! Unataka watu wa chini wanywe hiyo?" Mutalemwa alimkamata mkono. "Itunze. Utapaka nguzo za kitalu, mchwa wazikimbie."

Akafunga bomba la petroli, akafungua kabureta, akaisafisha kitundu kwa kitundu. Plagi ilikuwa nyeusi kwa masizi. Akaisugua, akapima nafasi yake, akairudisha. Akavuta kamba taratibu na kuhisi mgandamizo wa injini bado una nguvu. Alishukuru kimoyomoyo, kwa maana uchafu ulikuwa haujafika ndani. Sasa kilichokosekana ni sponji, na sandukuni hakuwa na ya ukubwa ule.

"Nikate kipande cha godoro?" Ildefonsi aliuliza.

"Godoro likiguswa na petroli linamung'unyika, na vipande vitaingia kulekule zilikopita nyasi zako. Ngoja. Kwanza niletee maji ya moto." Kisha, kwa kuwa hakumwamini tena hata kwa maji, akaenda mwenyewe.

Uani, Kemilembe alikuwa ameinama kwenye beseni, anasugua sufuria. Mutalemwa alitazama kilichokuwa mkononi mwake: kitu cheusi cha mraba, kona zake za mviringo, tundu moja katikati.

"Mama, hiyo umeipata wapi?"

"Hii? Ilikuwa imeanikwa hapa kwenye uchanja, mwezi wa sita. Ilikuwa inanuka kidogo, nikaifua. Mzee, inasugua! Hata dodoki halioni ndani."

"Unasugulia sufuria."

"Na sahani. Na vikombe." Akatabasamu kwa ukarimu. "Hata kile chako cha mramba."

Mutalemwa alikwenda hadi kwenye migomba, akainama, akashika magoti. Mramba ulipanda hadi kooni, ukafikiri, ukashuka. Nyuma yake alimsikia Vero, aliyekuwa amefuata, akicheka mpaka anakohoa.

"Sabuni amekunywa oili!"

Ildefonsi alikuja mbio, akaona, akaelewa. "Niliitoa nikaifua kama ulivyonifundisha, mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Nikaianika. Niliporudi mke wangu alikuwa ameshaipenda. Niliona haya kumnyang'anya mbele ya dada zake."

"Kwa hiyo ukaona bora uilishe injini takataka?"

"Ndiyo, mzee."

Sponji ilifuliwa mara tatu kwa maji moto na sabuni, hadi mafuta ya maharage yakaisha na povu likatoka jeupe. Mutalemwa aliinyoosha mbele ya jua, akaikagua kama haina mpasuko, akaianika juu ya jiwe na kukaa kando yake kama askari, asije mtu akaipenda tena. Ilipokauka aliidondoshea matone machache ya oili safi, akaikamua, akaipachika. Akamwita Ildefonsi amimine oili mpya hadi kwenye alama, kisha petroli, kisha arudishe waya wa plagi. Yeye aliangalia tu, mikono nyuma.

"Vuta."

Kamba ya kwanza ilikohoa. Ya pili ilitoa moshi mweusi. Ya tatu injini ikaunguruma, ikatulia, ikapata sauti moja. Bomba lilijikunyata, likajaa. Punde ikasikika sauti ya Vero, aliyekuwa amepanda kuyangoja maji juu ya kilima: "Yamefika! Jamani, yamefika!"

Walimwagilia hadi jua lilipoanza kulala upande wa Rwanda. Miche mingi ingeinuka. Safu mbili za pembeni hazikuwa na matumaini, na Vero aliziondoa.

Kemilembe alikuwa amepika ndizi kwa maharage. Aliona aibu hata ya kumtazama mgeni. Aliweka sahani mkekani, akaweka jagi la mramba, akaleta vikombe vinne, akabaki amesimama navyo asijue aviweke au avifiche.

"Lete, mwanangu," Mutalemwa alisema.

Akavipokea, akaomba majivu na lile dodoki la zamani, akaenda kuchuchumaa uani penye ndoo ya maji. Alinawa kwanza. Kisha akasugua kikombe cha kwanza ndani na nje, ukingoni na kwenye mkono wake, akakisuuza mara tatu, akakinusa. Uso ulikunjamana. Akarudia. Kikombe cha pili kikafuata, na cha tatu, huku ndizi zikitoa mvuke mkekani na Ildefonsi akimeza mate bila kuthubutu kumhimiza. Cha nne alikinusa mara mbili, akakitikisa maji, akakifudikiza kwenye uchanja karibu na wenzake. "Vikikauka," alimwambia Kemilembe, akirudi mkekani, "mimina."