Bastola ya Kulengea Makopo

Mwaka ule wa vita Ildefonsa alikuwa na miaka arobaini na moja, watoto watano, mkubwa wao Domina, na shamba la mihogo na mtama lililomtosha. Alichopungukiwa ni subira. Aliwahi kuwa nayo nyingi, lakini uongozi wa kijiji cha Nyarukamba ulikuwa umeichota kidogo kidogo, tangu watu walipohamishiwa pale kandokando ya barabara ya Nyakahura wakati wa Operesheni Vijiji.

Alikuwa Msubi, mzaliwa wa upande wa Biharamulo mjini. Baba yake, Evaristi, alimpikia kwa miaka mingi Mzungu mmoja aliyepiga kambi porini akitafuta dhahabu asiipate, na Ildefonsa alipofika miaka kumi na sita naye aliajiriwa kufua nguo. Kila Jumapili alasiri Mzungu yule alipanga makopo matupu juu ya gogo, akarudi nyuma hatua ishirini, akayalenga kwa bastola ndogo yenye mlio kama wa kijiti kinachovunjwa. Siku moja alimwona msichana anatazama badala ya kuanua nguo, akamwita, akampa bastola na kumwelekeza. Baada ya mwaka mmoja makopo yaliyoanguka mengi yalikuwa ya Ildefonsa, na Mzungu akawa analalamika kwamba jua linamwumiza macho.

Kisha Mzungu akaenda zake, Ildefonsa akaolewa na Renatus, fundi seremala mpole asiyependa maneno, na habari ya bastola ikaishia hapo kwa miaka ishirini na zaidi.

Oktoba ya mwaka sabini na nane redio ilitangaza kwamba majeshi ya Uganda yameingia katika mkoa wetu na kuvuka hadi mtoni Kagera. Kila kijiji kikatakiwa kuwa na mgambo walio tayari. Nyarukamba ilijikusanyia watu thelathini, wake kwa waume, Wasubi kwa Wasukuma, na mkufunzi wao akawa Shibuda, koplo mstaafu aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake. Walipiga kwata kila asubuhi wakiwa wamebeba bunduki za mti alizochonga Renatus. Ildefonsa alikuwa mstari wa pili.

"Koplo," alimwambia Shibuda wiki ya tatu, "hawa watu wanajua kugeuka kulia na kushoto. Siku watakayosikia bunduki ya kweli watafumba macho wote."

"Najua, Mama Domina. Nifanyeje sasa? Mti haulii."

"Tuombe bastola ndogo, ya risasi ndogo zile. Mtu ajifunze kwanza kulenga bila kuogopa. Bunduki kubwa atapewa jeshini."

Shibuda akamwuliza amejulia wapi mambo hayo. Alipoelezwa, hakucheka, na kwa hilo Ildefonsa alimheshimu mpaka mwisho. Barua ikaandikwa kwenda wilayani. Baada ya siku kumi jibu likaja: kuna bohari ya silaha zilizoachwa na wageni waliokwisha kuondoka nchini, kijiji kitume watu wachague moja ya mafunzo.

Walikwenda watatu, wamepanda lori la pamba: Shibuda, Ildefonsa, na mwenyekiti wa kijiji, Bonaventura. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya mkutano hata anapoomba maji ya kunywa. Njia nzima alieleza jinsi ya kuchagua silaha, na maishani hakuwahi kushika hata manati.

Mtunza bohari aliitwa Theonest. Alitandika gunia juu ya meza, akaweka bastola tatu, zote za namna ile ambayo risasi hukaa katika matundu ya gurudumu dogo linalozunguka. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, nzito kama shoka. Ya pili ilikuwa ndogo, imeng'arishwa kama kijiko cha harusi, mtutu wake mfupi kama kidole gumba. Ya tatu nayo ilitumia risasi ndogo, lakini mtutu wake ulikuwa mrefu, rangi imebabuka, na mpini wa mbao umefungwa waya mahali ulipopasuka.

Bonaventura akaichukua ile kubwa kabla gunia halijakaa sawa. "Hii," alisema.

"Ngoja kwanza, Ndugu Mwenyekiti," Ildefonsa alisema. "Baba Theonest, hiyo kubwa ina risasi ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kumi na nne tu?"

"Kumi na nne, na hazipatikani tena."

"Na hizi ndogo?"

Theonest akaonyesha rafu. Vilikuwepo vibweta sita, kila kimoja na risasi hamsini. Ildefonsa akamgeukia Mwenyekiti, akidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza.

Alishika kwanza ile iliyong'aa, akaielekeza ukutani. Kilengeo cha mbele na cha nyuma vilikaribiana mno. Mkono ukitikisika kidogo tu, mtu asingejua kosa lake liko wapi. Akaivuta nyuma nyundo, kile chuma kinachogonga risasi, na kulitikisa gurudumu kwa kidole. Likacheza kama jino la mtoto. Akaiweka chini. Ile iliyobabuka aliikagua vivyo hivyo, na gurudumu lake likatulia palepale, tundu limekaa sawasawa na mtutu. Akahesabu matundu: tisa.

"Hii ndiyo," alisema. "Mtutu mrefu, inatulia, inabeba tisa, na risasi zake ni mia tatu. Kila mtu wetu atapiga mara kumi."

"Mama Domina," Bonaventura alisema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, "adui yuko Kagera. Wewe unataka turudi kijijini na kitu kilichofungwa waya?"

"Adui hatumpigi kwa bastola hata moja kati ya hizi. Tunapiga makopo."

"Wananchi watasemaje?"

"Watasema wamepata shabaha."

Shibuda akaongeza kwamba mama anasema kweli, kwamba hata yeye jeshini alianzia na risasi ndogo. Bonaventura alisikiliza wote wawili akitingisha kichwa kukubali, kisha akachukua kalamu ya Theonest akatia sahihi kwa ile kubwa. Ildefonsa alirudi Nyarukamba juu ya lori la pamba akimpa Mwenyekiti mgongo.

Mafunzo ya kwanza yalifanyika Jumamosi, ng'ambo ya bonde, kopo la mafuta limewekwa mbele ya kichuguu. Mlio wa risasi ya kwanza ulitawanya ng'ombe wa Shibuda mwenyewe, na vijana wawili walikwenda kuwatafuta hadi jioni. Wa pili kupiga alikuwa Ngeleja, kijana mrefu mwenye nguvu za kuinua jembe la ng'ombe peke yake. Bastola iliruka ikamrudia usoni, ikampasua juu ya jicho. Wa tatu, binti aitwaye Nyamizi, alifumba macho, akageuza uso, akapiga mbinguni. Baada ya hapo kila aliyeitwa alifika ameshafumba macho. Siku ya pili Mwenyekiti alikuja na wageni kutoka kijiji jirani akapiga nne mfululizo ili waone. Jumatatu saa nne asubuhi risasi zilikuwa zimekwisha, na kopo halikuwa na hata mkwaruzo.

Ildefonsa alirudi nyumbani akatwanga mihogo kwa kishindo mpaka Renatus akatoka karakana.

"Kinu hicho nilikichonga kwa mvule," Renatus alisema, "lakini kina mwisho wake."

"Nilimwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, na ningeweza kumwambia kwa Kisubi."

"Basi kaibadilishe."

"Ndivyo nitakavyofanya."

Lakini kuibadilisha ilikuwa kazi nyingine. Yeye na Shibuda walikwenda hadi bohari na ile bastola kubwa ndani ya kikapu. Theonest akawapokea vizuri, akawapa viti, akawaambia haiwezekani: aliyetia sahihi kuchukua ndiye atie sahihi kurudisha. Wakarudi. Bonaventura akasema ana kikao. Kesho yake akasema ana kikao kingine. Siku ya tatu akasema risasi zaidi zitaombwa, na Ildefonsa akamkumbusha kwamba risasi hizo hazipatikani tena, na Bonaventura akasema mapinduzi ni kujaribu.

Siku ya nne Ildefonsa alichukua ungo wa maharage yasiyopukuchuliwa, akaketi mlangoni pa ofisi ya kijiji. Aliyeingia alimruka, aliyetoka alimruka. Wazee walipopita aliwaamkia shikamoo, wakamwitikia marahaba na kumwuliza anafanya nini hapo, naye akawajibu kila mara, bila kupandisha sauti, kwamba anamsubiri Mwenyekiti arudishe bastola iliyompasua Ngeleja. Kufikia saa nane Bonaventura alikuwa amesikia jibu hilo mara kumi na moja. Akatoka na karatasi iliyotiwa sahihi na mhuri.

"Umenidhalilisha, Mama Domina."

"Nimepukuchua maharage, Ndugu Mwenyekiti."

Safari ya tatu, Theonest akaitoa ile iliyobabuka chini ya marundo ya magunia. Safari hii Ildefonsa alikataa kuondoka kabla hajaijaribu. Wakaenda nyuma ya bohari penye ukingo wa udongo. Risasi ya kwanza ilipiga. Ya pili, nyundo ilianguka na kimya kikafuata. Ya tatu vilevile. Shibuda akatukana kwa Kisukuma, Theonest akaanza kueleza kuhusu fomu nyingine, na Ildefonsa akahisi kitu kinapanda kifuani ambacho kama angekiachia, bohari ingehitaji paa jipya.

Hakukiachia. Alisubiri kidogo, mtutu ukiuelekea udongo, akazitoa risasi zilizogoma, akazitazama vitako vyake. Risasi zile ndogo huwaka kwa kugongwa ukingoni mwa kitako, na alama za nyundo zilikuwepo lakini hafifu mno. Chuma kilikuwa kinagonga bila nguvu. Akaomba mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Alipoifungua akakuta grisi ya miaka imeganda kama nta kuizunguka nyundo. Akaisafisha nusu saa nzima wakati Theonest anatazama saa yake. Kisha akapiga tisa, na zote tisa zikalia.

Kuanzia hapo kazi ikawa kazi. Makopo sita juu ya gogo, hatua kumi, baadaye ishirini. Ildefonsa alisimama kando ya kila mmoja. "Usikamue kifyatulio kwa ghafla. Kibane polepole mpaka bastola ikushtue yenyewe. Fungua macho. Nimesema fungua macho." Kwa kuwa haikuwa na kishindo wala teke, hofu iliwatoka mmoja baada ya mwingine. Nyamizi aliangusha kopo lake la kwanza siku ya pili, akaomba radhi kana kwamba amevunja chungu cha mtu. Ngeleja, na kovu lake, ilimchukua wiki nzima. Aliyewapita wote ni Mihayo, kijana mkimya wa Kisukuma, mtoto pekee wa mjane Kwandu. Huyo hakuhitaji kuambiwa jambo mara mbili, na kwa Ildefonsa hiyo ilikuwa kama kunywa maji baridi.

Mwishoni akaja Bonaventura, jioni, peke yake. Alijaribu tisa akakosa tisa.

"Unafumba macho, Ndugu Mwenyekiti."

"Sifumbi."

"Unafumba."

Alirudi jioni nne mfululizo. Kopo lilipoanguka hatimaye alirudisha bastola kwa mikono miwili. Kwenye mkutano wa kijiji wiki ile alieleza kwa sauti yake yote kwamba uongozi ulikuwa umeona mapema faida za silaha ndogo. Shibuda alimtazama Ildefonsa. Ildefonsa alikuwa anatazama miguu yake, anahesabu vidole.

Januari gari la jeshi lilichukua kumi na wawili. Ofisa aliyewapima kwa bunduki za kweli alimwuliza Shibuda wamefundishwa na nani, maana hawakurukaruka kama wengine. Shibuda akamwonyesha mwanamke aliyekuwa anagombana na dereva kuhusu mahali pa kuweka mizigo ya vijana.

Vita vilipokwisha walirudi kumi na mmoja. Mihayo alibaki huko Uganda, ng'ambo ya Masaka, na habari zake zililetwa na Ngeleja, aliyekuwa naye kikosi kimoja.

Ildefonsa alikwenda kwa Kwandu siku ya tatu ya msiba, na unga na kuni. Wakakaa. Kwandu hakujua Kiswahili sana, na Ildefonsa alijua Kisukuma kidogo cha sokoni, hivyo walizungumza kwa maneno machache.

"Wewe ulimfundisha," Kwandu alisema.

"Ndiyo."

"Alikuwa anajua kulenga?"

Ildefonsa alifikiri kusema mengi: ujasiri, taifa, maneno yaliyosemwa kwenye mikutano. Yote yalimchosha kabla hayajafika mdomoni.

"Alikuwa bora kuliko wote," alisema. "Bora kuliko mimi. Na alikuwa msikivu."

Kwandu akaitikia kwa kichwa. Baada ya muda akainuka kuchochea moto, na Ildefonsa akainuka kumsaidia.