Mjomba Niliyemzika Kitabuni

Mwaka huu ulinipendelea: niliolewa, nikahamia Mikumi, na mwezi uliopita riwaya yangu ya kwanza ikatoka. Laiti kujisifu kwangu kungeishia hapo.

Miezi kadhaa nyuma binamu yangu aliweka status picha ya baba yake, mjomba Hamisi wa Kilangali, nyeusi na nyeupe, na emoji mbili zinazolia. Kwetu picha ya mzee ikiwekwa hivyo, hakuna anayeuliza. Nililia sana. Nilikuwa sijamtembelea miaka minne, nikaona aibu hata kupiga simu ya pole. Nikaamua kumuaga kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu. Mama, nikiogopa kumtonesha kidonda, nilimwambia tu kwamba kaka yake nimemtaja humo, akafurahi mno.

Jumapili mama akapika pilau nyumbani Mabwerebwere, tufunge mwaka na kuzindua kitabu. Nimesimama mbele ya majirani, nikamwona mjomba Hamisi anaingia na gunia la mchele begani.

"Shikamoo, mjomba," nilisema.

"Marahaba. Nasikia nimo kitabuni."

Nikamgeukia binamu. "Na ile picha?"

"Nilimkumbuka baba tu," akanong'ona.

Mjomba alishafungua kitabu na kuvaa miwani. Akasoma kwa sauti, watu wote wakisikia: "Kwa marehemu mjomba Hamisi, aliyenifundisha kusoma."

Akanitazama juu ya miwani, akatabasamu.

"Kusoma nilikufundisha vizuri, mwanangu. Nilisahau kukufundisha kupiga simu."