Mshono Alioukana Roswitha Uhlig

Saa moja kasoro robo asubuhi, theluji imefika magotini, na Roswitha Uhlig ameshawasha taa ya mezani. Mbele yake kuna gurudumu la chuma lenye sindano zilizosimama kuzunguka ukingo wote. Anachukua soksi ya mtoto, ya pamba ya kahawia, ndefu toka unyayo hadi pajani, iliyotoka kwenye mashine ya kufuma ikiwa wazi upande wa vidole. Kitanzi kimoja, sindano moja. Kitanzi kimoja, sindano moja. Gurudumu linazunguka, uzi unapita, na ncha ya soksi inafungika bila donge la kumuumiza mtoto.

"Ukiruka kitanzi kimoja tu, soksi inafumuka siku ya kwanza," anasema bila kuinua kichwa. "Na hutachapwa wewe. Atachapwa mtoto, ataambiwa ameichana."

Roswitha ana miaka 72. Ndiye muunga soksi pekee anayefanya kazi bado hapa Obergersbach, mji wetu wa milima ya Erzgebirge, mashariki mwa Ujerumani, uliowahi kuwa na viwanda kumi na kimoja vya soksi. Karakana anakokwenda asubuhi tatu kwa wiki ina watu watano. Pensheni yake ni yuro 1,090 kwa mwezi, na hapa anaongeza kama mia nne. Wateja ni majumba ya maonyesho, watengeneza filamu na, mara mojamoja, makumbusho.

Mwezi huu imeingia oda ya filamu ya watoto wa zamani: jozi mia tatu kabla ya Pasaka. Mwenye karakana, Falk Tröger, alifurahi, kisha akaanza kukuna kichwa.

"Bi Roswitha, peke yako utaziweza?"

"Kwa macho haya? La kushoto linaona ukungu mtupu. Nikijikaza, mia na themanini."

"Basi tutafute mwingine."

"Anayeijua kazi hii mji huu amebaki mmoja. Gudrun Seltmann."

"Si anakaa mtaa wa nyuma tu hapo? Kamwite!"

Roswitha alivuta kiti. Aliwasha mashine.

Soksi hizi anazijua kwa ngozi yake mwenyewe. Amezaliwa 1953, na utotoni alizivaa kila siku ya baridi.

"Asubuhi mama ananivika kizibao chenye vifungo, kina mipira inayoning'inia, na soksi inashikizwa hapo," anakumbuka. "Kaka yangu naye vilevile, chini ya kaptula. Ziliwasha kama upupu! Na soksi fupi marufuku mpaka Mei mosi, hata jua liwake vipi. Basi sisi tukikata kona tu, vifungo vinafunguliwa, soksi zinakunjwa mpaka kwenye kifundo cha mguu. Jioni tunazipandisha. Mama anashangaa: mbona magoti yana matope na soksi ni safi?"

Miaka ya sitini zikaja taiti za watoto, soksi zilizoungana mpaka kiunoni. Vizibao vikageuzwa matambara ya kudekia, na sijasikia mtoto aliyevililia.

Roswitha aliingia kiwandani 1969, idara ya watoto, akiwa na miaka kumi na sita. Baada ya miaka miwili akaja Gudrun, wakakaa bega kwa bega miaka kumi na tisa. Waunga soksi hujuana kwa mkono. Roswitha, kabla ya kukata uzi, alikuwa akirudi nyuma kitanzi kimoja, na pale kwenye kidole kidogo kikabaki kijivimbe kama punje ya haradali. Msimamizi alimgombeza, akachoka, akamwacha.

Nusu ya taiti zilizofumwa pale zilivuka mpaka kwenda Ujerumani ya Magharibi. Huko zilitiwa kwenye pakiti za kumetameta na kupewa jina jingine. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuiona pakiti hiyo.

Novemba 1989 mpaka ukafunguliwa. Kila mtu alipewa marki mia moja za kumkaribisha, nasi tukajazana kwenye foleni za Hof, upande wa Magharibi, kama tunaogawiwa pepo. Roswitha alimnunulia binti yake Anke, wa miaka tisa, taiti jozi tatu.

"Shuleni walikuwa wanamcheka kwamba anavaa za kiwandani kwetu. Nikasema naye atambe kidogo. Nafika nyumbani, nafungua, natia mkono ndani mpaka kidole kidogo." Anatia kidole kwenye soksi iliyo mezani. "Kijivimbe changu. Nikakaa chini jikoni. Nilikuwa nimenunua kazi ya mkono wangu mwenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kufika majira ya kuchipua, maduka ya mji yalijaa pakiti za kumetameta, na mali ya kiwanda, ileile kwa ileile, ikalala ghalani. Aprili 1990 ukaitishwa mkutano kantini. Gudrun alisimama.

"Jamani, hizo mnazozikimbilia ni zetu! Twendeni sokoni tukawaambie watu!"

Mtu wa ofisini akauliza, ushahidi uko wapi? Gudrun akageuka. "Rosi, waambie. Wewe umenunua, umeziona."

"Nikasema, sijanunua kitu, sijaona kitu," anasema Roswitha. "Nilikuwa mjumbe wa kamati ya wafanyakazi. Wiki moja kabla yake nilisimama palepale nikiwasihi watu wanunue mali yetu. Ningesemaje kwamba marki zangu nilizipeleka Hof?"

Kantini nzima ilicheka. Miaka mingi baadaye bado Gudrun alitaniwa kwenye foleni ya mkate: "Vipi Gudrun, na mikate hii ni yetu?" Mimi pia niliwahi kucheka, na naona aibu kuiandika sentensi hii.

Kiwanda kilifungwa 1991. Wanawake 340 walirudishwa nyumbani. Tangu hapo hawa wawili wakikutana husalimiana kwa habari za hali ya hewa. Njia ya mwongo ni fupi, watu husema; ya Roswitha imefika miaka thelathini na mitano.

Jumanne iliyopita alikwenda kwa Gudrun, akaniomba nimsindikize. "Nikiwa peke yangu nitaishia mlangoni," alisema.

Gudrun, mwenye miaka 74, alitufungulia, akatukatia keki iliyobaki ya Krismasi.

"Falk ana oda ya soksi ndefu," Roswitha alianza.

"Nimesikia. Mji wenyewe huu mdogo." Gudrun alinyoosha mikono yake mezani. Vidole vimepinda kwa baridi yabisi. "Hata kifungo cha sweta nafungiwa na mume wangu. Umechelewa, Rosi."

"Sikuja kwa oda tu. Zile taiti za Anke…"

"Zilikuwa na mshono wako. Najua."

"Umejuaje?"

"Si ulizianika uani, mchana kweupe? Miaka kumi na tisa nimekaa na wewe, nisiijue ncha yako? Ndiyo maana nilikugeukia siku ile. Nilijua utasimama na mimi."

"Kiwanda kingefungwa tu, Gudrun."

"Kingefungwa, nani kabisha? Lakini mimi nisingeitwa mwongo."

Roswitha alilia. Gudrun hakumbembeleza. Alimwongezea kahawa, akamsogezea sukari.

Wenye filamu wamekubali jozi mia na themanini. Watoto watakaosimama mbali na kamera watavaa za dukani. Mwezi Mei Roswitha atafanyiwa upasuaji wa jicho. Nilipomuuliza anatumaini nini baada ya hapo, nilitarajia aniambie anatafuta wa kumrithisha kazi. Alizima mashine kwanza.

"Wewe wa gazeti, waliokuwa kantini siku ile, waliobaki, wanakusoma?"

"Wengi wanasoma."

"Basi usinifiche jina. Andika Roswitha Uhlig, idara ya watoto, mashine namba saba. Andika alinunua, akaona, akakana. Na andika haraka, wakiwa bado hai wa kusoma, kwamba Gudrun Seltmann alisema kweli."